Mkate Usiofika Pompei

Mzee wa kwanza aliyeletwa mbele ya Inspekta Consiglia Auricchio hakuwa mzee anayetafutwa.

"Mimi ni mwalimu mstaafu, natoka Salerno," alifoka yule mzee, akiipunga kofia yake ya majani. "Nimepanga foleni ya basi la Vesuvio tangu asubuhi. Nafika mlangoni, mguu mmoja uko juu, huyu kijana wako ananivuta mkono ananiita Liberato! Mimi nafanana na Liberato?"

"Kijana" mwenyewe alikuwa Konstebo Mennella, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Afande, maelezo yalisema mzee mwembamba, kofia ya majani, koti la kijivu, mwongeaji. Huyu ana vyote."

"Hasa hilo la mwisho," alisema Consiglia. Akamwomba mwalimu radhi, akamrudisha kwenye foleni na kumsemesha dereva mpaka mzee akapewa kiti cha mbele. Aliondoka akiwa bado ananung'unika, ila kidogo.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo Napoli nzima huona dhambi kukaa ndani. Asiye na gari hupanda treni ya kuzunguka mlima, tiketi rahisi, chakula cha nyumbani, asubuhi akatazame magofu ya mji wa kale wa Pompei na mchana akapande volkano ya Vesuvio. Kituo cha polisi wa reli, chumba kimoja tu mkabala na lango la magofu, kilikuwa kimeshapokea watoto waliopotea, mbwa mmoja, na meno ya bandia ya mtu asiyejulikana. Kupotea kwa Mzee Liberato Cozzolino kulikuwa jambo la namna nyingine.

Binti yake, Ersilia, alikaa kwenye benchi akiwa ameukumbatia mkoba.

"Dawa zake za moyo zimo humu," alisema. "Anameza kila baada ya mlo. Ya mchana hajameza. Simu yake nayo ameiacha nyumbani inachajiwa. Tafadhali, dada, fanyeni haraka."

"Haraka tunafanya. Lakini tuanze upya, polepole. Mlipanda wangapi?"

"Watatu. Mimi, baba, na huyu." Alimwonyesha mumewe kwa kidevu. Nunzio Formisano alikuwa amesimama mlangoni, mwanamume mpana wa mabega, akikichezea kiberiti chake. "Treni ilijaa pomoni. Nikapata nafasi behewa la mbele na kina mama wa mtaani kwetu. Wao wakakaa nyuma. Baba lazima akae upande wa mlima, la sivyo safari nzima ni lawama."

"Mkashuka hapa."

"Nikashuka, watu kama utitiri, baba simwoni. Nunzio akaniambia ametangulia ndani ya magofu."

Consiglia akamgeukia. "Uliona akiingia?"

"Kwa macho yangu haya. Alipita lango lile, akakata kulia kama mtu anayekwenda kwenye ule uwanja wa kale wa michezo. Baada ya hapo, sijui."

"Alivaa kofia?"

"Alivaa."

"Mkononi alishika nini?"

Nunzio alisita. "Hakushika kitu."

Consiglia hakuandika. Alikuwa anatazama kola ya shati la Nunzio, penye doa jekundu la nyanya lililokwisha kukauka.

"Ulikula nini leo?"

"Pitsa ya kukaanga. Pale nje."

"Wewe na mkeo?"

"Mimi ningekulaje!" Ersilia aliingilia. "Huyu ndiye aliyekula. Tumeshuka tu kwenye treni, namwona anatafuna. Nikamwambia, wewe mlafi, huwezi kungoja mkate wa baba? Akasema njaa inamuuma."

"Mkate gani wa baba?"

Ersilia alimkodolea macho kama aliyetukanwa. "Leo ni siku gani, Inspekta? Casatiello! Baba alikuwa mwoka mikate maisha yake yote. Tangu Ijumaa Kuu anakanda unga, anapanga jibini, anapanga mayai mazima juu. Ameufunga kwa kitambaa, ameupakata, hampi mtu aubebe. Ananiambia mimi, binti yake, kwamba nitayavunja mayai."

Mennella alikuwa wa kwanza kuelewa. Mambo ya chakula huyaelewa mapema. "Mama Mtakatifu," alinong'ona.

"Nunzio," alisema Consiglia, "mimi ni Mnapoli, na wewe ni Mnapoli. Kuna mtu wa kwetu anayetoa hela kununua pitsa Jumatatu ya Pasaka, casatiello ya baba mkwe ikiwa hatua chache mbele yake?"

Nunzio alilamba midomo.

"Hayupo. Uliinunua kwa sababu ulijua mkate haujafika hapa. Na mzee haachani na mkate wake. Kwa hiyo hukumwona akipita lango lolote. Huyu mzee hajakanyaga Pompei leo. Yuko wapi?"

Kiberiti kilianguka sakafuni.

"Sijui," alisema Nunzio, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Naapa sijui. Nililala kwenye treni. Nimeamka hapa, kiti chake kitupu. Nikadhani amekuja mbele kwako, Ersilia. Nikashuka, nikakuona uko peke yako."

"Na ukanidanganya!" Ersilia alikuwa amesimama. "Nimezunguka magofu naita baba, baba, mpaka wageni wananipiga picha, wewe unajua hayumo?"

"Nilidhani atatokea. Nilidhani ameshuka kujisaidia, atakuja na treni inayofuata. Nikasema nipate dakika chache tu kabla hujanitazama hivyo unavyonitazama."

"Kwa nini akutazame hivyo?" aliuliza Consiglia.

Ersilia ndiye aliyejibu. "Kwa sababu kabla ya Pasaka alitaka tuiuze nyumba ya baba, baba apelekwe nyumba ya wazee. Tangu siku hiyo tunakula meza moja kama mabubu." Alimsogelea mumewe, akasema taratibu, na utaratibu huo ulitisha kuliko kelele. "Nikirudi nyumbani bila baba, wewe usirudi."

Nunzio aliinama kuokota kiberiti chake. Consiglia alikuwa ameona wanaume wengi wakidanganya mbele yake, na kwa huyu alihisi huruma, maana uongo wake ulikuwa wa mtu mwoga, si wa mtu mbaya. Lakini huruma haikuwa ushahidi. Alichukua kidonge kimoja kwa Ersilia, akakifunga kwenye karatasi laini.

"Mennella, baki na mama hapa, upigie vituo vyote vya njia hii. Nunzio, twende. Tunarudi mlikotoka."

Treni ya kurudi ilikuwa nusu tupu, kwani saa hiyo kila mtu alikuwa bado mlimani au mezani.

"Kaa ulipokaa," aliagiza Consiglia.

Nunzio alikaa upande wa bahari. Consiglia akakaa dirishani upande wa pili, pa mzee, mlima ukimwangalia usoni.

"Sasa lala ulivyolala."

"Inspekta, mtu na akili zake atalalaje saa hizi?"

"Egemeza kichwa tu. Usingizi ulikuchukua wapi?"

"Tukiwa bado hatujaiacha Portici."

"Na hukuamka mpaka Pompei?"

"Sikuamka." Akafikiri. "Nilishtuka mara moja. Treni ilikuwa imesimama, imekaa sana. Baba alinitikisa bega, akasema maneno ya ovyo. Labda nilikuwa naota."

"Maneno gani?"

"Utanicheka."

"Leo sijaona la kunichekesha, ukiacha yule mwalimu."

Nunzio alikitazama kiti kilichokuwa cha mkwewe. "Alisema, 'Nunzio, amka. Nimekufa.'"

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema, 'Lala, baba. Tukifika nitakuamsha.'"

Consiglia hakucheka. Alinyanyuka akamfuata mkagua tiketi, mwanamke mwenye miwani shingoni aliyekuwa zamu tangu alfajiri. Asubuhi treni ilishikiliwa wapi? Ginestra, alijibu yule mama bila kufikiri, kupisha treni nyingine. Ilikaa hata abiria wakaanza kushuka kuvuta sigara.

Ginestra ni kituo cha jukwaa moja na paa la bati, chini kabisa ya mashamba ya mlimani. Treni ilipopunguza mwendo Consiglia alibandika paji la uso kwenye kioo, kama alivyodhani mzee alifanya. Ukuta wa kituo ukajileta wenyewe. Kama kuta zote za pande hizi, ulikuwa umebandikwa matangazo ya vifo, karatasi nyeupe zenye ukingo mweusi, msalaba juu na jina kwa herufi kubwa za kusomeka hata na asiye na miwani.

Jina lilikuwa LIBERATO COZZOLINO.

Nunzio alipiga ishara ya msalaba. Consiglia akalazimika kumshika ukosi ili ashuke kabla milango haijafungwa.

"Wameshabandika," alikuwa anasema. "Amekufa, na wameshabandika. Nitamwambia nini Ersilia?"

"Acha kulia, tumia akili. Tangazo hili limepauka kwa jua, lina siku mbili au tatu. Mkwe wako asubuhi alikuwa anabishana na nyinyi juu ya mayai." Alisogea karibu akasoma kwa sauti. "'Amefariki nyumbani kwake Liberato Cozzolino, ajulikanaye kama Mnyamavu, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Mazishi Jumatatu ya Pasaka, alasiri.'" Mistari ya chini ilikuwa imefunikwa na tangazo la dansi ya Pasaka, lililobandikwa juu yake na mtu asiye na haya. "Mzee wenu ana miaka mingapi?"

"Sabini na sita."

"Kuna mtu amewahi kumwita Mnyamavu?"

Nunzio alicheka huku kamasi zikimtoka. "Baba? Baba huongea hata na birika la kahawa, analiambia lichemke."

"Babu yake aliitwa nani?"

"Liberato."

"Basi tumefika. Babu mmoja, wana wawili, na kila mwana akampa mwanawe wa kwanza jina la baba yake, kama ilivyo desturi. Mtaani kwetu tulikuwa na kina Pasquale Auricchio wanne. Mmoja akishtakiwa, watatu wanajificha. Ana binamu mwenye jina lake?"

Nunzio alijifuta pua. "Anaye. Alikuwa naye. Nyumbani hatajwi. Waligombana kabla mimi sijaoa, sababu ni shamba la aprikoti la babu yao, huko juu mlimani. Mmoja aliukata mti ambao mwingine alisema usikatwe. Sijui hata ni nani aliyekata."

"Mzee akaona jina, akakuamsha, ukamwambia alale."

"Twende hospitali, Inspekta. Kwa moyo ule, lazima ameanguka mahali."

"Kama ameanguka, Mennella ataambiwa. Mimi nafuata mkate." Consiglia alikuwa ameshaanza kutembea. "Nyumba yenye msiba haiwashi jiko, ndugu ndio wanaopeleka chakula. Mzee ameshuka na casatiello nzima mkononi. Unadhani ameenda kuila peke yake?"

Kwenye roshani ya kwanza mama mmoja alikuwa anapandisha kikapu kwa kamba.

"Mama, kwa marehemu Mnyamavu ni wapi?"

"Leo mnaulizia wengi! Asubuhi kuna mwingine, mzee na furushi lake la mkate. Nilimwonyesha njia, akanieleza maisha yake yote, chakula changu kikaungua. Pandeni juu, mlango ulio nusu wazi."

Walipanda njia ya mawe meusi ya volkano, Nunzio akiwa mbele sasa, anahema. Mlango ulikuwa nusu wazi kama inavyotakiwa kwenye nyumba ya msiba, na kutoka ndani ilisikika sauti moja ikiongea bila kupumua. Nunzio akaegemea ukuta, akafunika uso kwa mikono yake miwili.

Ndani, wafiwa walikuwa wamekaa kuizunguka meza. Mzee mwembamba mwenye koti la kijivu alikuwa anakata mkate, yai hili kwa huyu, yai lile kwa yule, huku anazungumza kuelekea chumba cha pili, lilikokuwa jeneza.

"...na bado nasema ule mti ulikuwa mgonjwa, Liberato. Nilipoukata ulikuwa na mchwa mpaka moyoni. Ungekuja kuutazama ungeona. Lakini wewe na ukimya wako! Mtu agombane vipi na mtu asiyejibu? Leo pia hunijibu."

"Mzee Liberato Cozzolino?" aliuliza Consiglia.

"Mimi ndiye niliyebaki," alisema mzee. Kisha akamwona mkwewe mlangoni, na kisu kikasimama. "Ohoo, umeamka! Tumefika?"

Nunzio alimkumbatia huku kisu na mkate vikiwa bado mikononi mwa mzee. Mzee akakiinua kisu juu kisimchome.

Consiglia alimpa kidonge na maji. Alimeza, akafuta mdomo, akajieleza bila kuulizwa. Jina alilisoma dirishani. Miwani ya kusomea hakuwa nayo, hakuona zaidi ya jina. Alijua mara moja ni nani, maana kama ni yeye mwenyewe asingekuwa na njaa. Akashuka. Simu hakuwa nayo. Kuomba simu ya watu wa msiba aliona haya, tena ukoo ambao hakuukanyagia mlango miaka yote ile.

"Nilitaka kuwahi kabla hawajafunga jeneza," alisema. "Nilikuwa na maneno. Basi."

Mjane, Bi Fortunata, alikuwa kwenye kiti cha pembeni. "Ameongea tangu asubuhi," alimwambia Consiglia. "Nyumba hii haijawahi kusikia maneno mengi hivi. Muacheni aongee."

Consiglia akatoka nje kupiga simu. Mtandao wa mlimani ulikuwa wa kuvizia. Aliwahi kumwambia Ersilia, "Tumempata, panda treni, shuka Ginestra," simu ikakatika. Alipiga tena, haikuita. Akaona inatosha. Akarudi ndani, akakaa na wafiwa kitambo. Alipotoka tena alijiegemeza ukutani, akawasha sigara aliyokuwa ameinyima nafsi yake tangu asubuhi, na ilipofika katikati ndipo alipotazama ukuta wenyewe. Pembeni ya bega lake lilikuwa limebandikwa lile lile tangazo, jina lile lile.

Alikuwa amemwambia mama wa watu amepatikana. Hakumwambia amepatikana mzima.

"Nunzio!" aliita. "Mlete mzee! Kituoni, upesi!"

Mbio za mzee wa miaka sabini na sita mwenye moyo mbovu si mbio. Nunzio alipoona hivyo alimbeba mgongoni, mzee akipiga kelele kwamba hajawahi kubebwa tangu ubatizo. Walikuwa kona ya mwisho treni ilipoingia. Consiglia aliomba Mungu Ersilia atoke akiangalia chini. Ukelele uliosikika ukamwambia hakuangalia chini.

Walimkuta amepiga magoti mbele ya ukuta wa lango la kutokea, mkono mmoja umeshika karatasi yenye ukingo mweusi, mkoba umemwagika, vidonge vimetapakaa. Mennella amemshika mabega, analia pia.

"Ersilia!" Nunzio aliita. "Ersilia, geuka!"

Akageuka. Alimwona mumewe amelowa jasho, na juu ya bega la mumewe kofia ya majani iliyopinda, na chini ya kofia uso wa baba yake.

"Mwanangu," alisema mzee, "mbona unanililia? Mikate yote ile niliyokulisha, hukupata nguvu ya kusoma tangazo mpaka chini?"

Ersilia alimvamia, akamvuta kutoka mgongoni, akampapasa mashavu na kifua, akamtukana kwa kila neno alilolijua. Kisha akamtandika Nunzio kofi la bega, akabaki ameliegemea bega lile lile alilolipiga. Nunzio alisimama wima, hakuthubutu kusogea.

"Ni binamu yangu," alisema mzee. "Yule wa shamba. Leo alasiri anazikwa, na tutakwenda wote. Volkano haitoroki. Haya, nisomee. Mimi sikuona ila jina."

Tangazo la langoni lilikuwa zima, hapakuwa na dansi juu yake. Ersilia alijifuta macho, akasoma kuanzia juu, jina, lakabu, umri, mpaka akafika kwenye mistari midogo ya chini.

"'Wanatangaza kwa majonzi mkewe Fortunata, watoto wake...'" Akasita, akakaribia zaidi. "'...na ndugu yake mpendwa Liberato, wa Napoli.'"

Mzee alivua kofia. "Nani kaandika hivyo?"

"Wenyewe, baba. Watu wa nyumbani kwake."

"Mimi? Wameniandika mimi?"

"Wewe."

Kengele ya kanisa ilianza kulia juu mlimani, na Consiglia akaitupa sigara iliyokuwa imezimika vidoleni. Mzee Liberato aliweka kidole chake cha mwoka mikate juu ya ule mstari asioweza kuusoma.

"Nisomee tena," alisema. "Pole pole."